Mtoto Asiyetaka Kusoma: Tumvumilie Hadi Lini?

Somo: Luka 13:6-9, Marko 8:22-26, Kutoka 4:1-17



Kuna swali ambalo wazazi huniuliza wakiwa wamesimama kando ya mlango baada ya ibada, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumzia deni. Mtoto amelipiwa karo. Amenunuliwa vitabu. Ameombewa. Ametafutiwa mtu wa kumsaidia na hesabu. Na bado hataki kusoma. Sasa Pasta, huyu nimvumilie hadi lini? Nikiendelea, hiyo ni imani, ama ni ujinga nimeuvalisha nguo za imani?

Wiki hii nataka tulikalie hilo swali. Si dogo. Pesa ya karo hapa kwetu imetoka mbali. Kuna mama anayeamka saa kumi alfajiri kufuata mboga soko la Wakulima. Kuna baba anayeshinda juu ya bodaboda kwa jua na mvua. Kuna wale wanaosafiri hadi Naivasha kufanya kibarua kwenye mashamba ya maua, wanarudi mwisho wa mwezi. Mzazi kama huyu akimwona mtoto wake amelaza kichwa juu ya daftari, hasira yake si ya bure. Anaona jasho lake limemwagwa chini.

Na hata sisi kama kanisa swali hili limetufikia. Wengi mnajua tuna darasa la Jumamosi asubuhi kwa watoto wetu, bila malipo. Walimu ni washirika waliojitolea, na viti ni ishirini na vinne. Mwaka huu kulikuwa na kijana mmoja wa gredi ya nane. Jina lake naliacha, na yeye pamoja na shosho yake wamenipa ruhusa kuandika haya. Shosho ndiye aliyemleta, na alimleta kwa kumshika mkono. Kijana alikaa kiti cha nyuma kabisa, kofia ya sweta imefunika macho. Kalamu amesahau. Kitabu amesahau. Ukimuuliza swali anainua mabega. Ukimpa zoezi anaandika tarehe, anapiga mstari chini yake vizuri sana, halafu anaacha hapo.

Kwenye kikao cha walimu, dada mmoja tunayefundisha naye akasema jambo ambalo wengine walikuwa wanalifikiria tu. "Pasta, kuna watoto kumi na mmoja wanangoja nafasi na wanalia kusoma. Huyu hataki. Kwani tunamshikilia wa nini? Si haki kwa wale wengine."

Nataka tumheshimu dada huyu. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa.

Mimi chuoni nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na kuna jambo tulilofundishwa ambalo hadi leo naona ni la kweli. Kila kitu kinachokalia nafasi kina gharama, hata kama hakili pesa. Ukiwa na stoo na umeijaza bidhaa ambazo hazinunuliki, gharama yako ni zile bidhaa nyingine ambazo zingekuwa hapo na zingeuzwa. Kila Jumamosi yule kijana anapokalia kile kiti, kuna mtoto mwingine hayuko hapo. Tusijifanye hatuoni. Mara nyingi tunaposifu subira, tunasahau kuuliza ni nani anayeilipia.

Sasa fungua Luka 13. Yesu anatoa mfano wa mtu aliyekuwa na mtini shambani. Miaka mitatu mfululizo anakuja kutafuta tunda, na miaka mitatu anarudi mikono mitupu. Anamwambia mtunza shamba aukate, kwa sababu unaharibu ardhi bure. Ukiisoma kwa macho ya biashara, utaona huyu mwenye shamba alikuwa anasema kile kile dada yetu alisema. Ardhi ni kidogo, na mti mwingine ungezaa pale. Miaka mitatu ni muda wa kutosha. Mkulima yeyote wa Molo au Bahati angemwelewa.

Lakini msikilize mtunza shamba. Kwanza, habishani na hesabu. Hasemi kwamba mti una matunda ambayo tajiri hajayaona. Anakubali kwamba hauna kitu. Pili, haombi muda mtupu. Anaomba mwaka mmoja ili achimbe kuuzunguka mti na kuweka samadi. Tatu, kazi hiyo anasema ataifanya yeye. Hamwambii mwenye shamba aende achimbe. Na nne, anaweka mwisho. Usipozaa baada ya hapo, basi utakatwa.

Wapendwa, hapo ndipo subira ya Biblia inaachana na ile yetu. Sisi tukisema "nimemvumilia huyu mtoto," mara nyingi tunamaanisha tumenyamaza na kungoja huku tumekunja uso. Tumengoja abadilike. Lakini kungoja peke yake hakujawahi kubadilisha mizizi. Mtini ulikuwa umengojwa miaka mitatu tayari! Kitu ambacho haukuwa umepata, kama ninasoma vizuri, ni jembe. Swali la mtunza shamba halikuwa "mti huu umekaa muda gani?" Ni kama aliuliza, "Kuna mtu amewahi kuuchimbia?"

Hebu basi tuchimbe kidogo. Ni nini kilicho chini ya mtoto asiyetaka kusoma?

Kwa haraka tunasema ni uvivu. Wakati mwingine ni uvivu kweli, sibishi. Lakini nimekaa na watoto wa kutosha kuona kitu kingine. Mtoto aliyeachwa nyuma na darasa ana majina mawili mbele yake ya kuchagua. Anaweza kuitwa mjinga, ama anaweza kuitwa mkaidi. Akijaribu na ashindwe mbele ya wenzake, ataitwa mjinga. Akikataa kujaribu, ataitwa mkaidi. Na kati ya hayo mawili, ukaidi una heshima kidogo. Mkaidi anaogopwa, mjinga anachekwa. Kwa hivyo mtoto anachagua. Anasahau kalamu kwa makusudi, kwa sababu mtu asiye na kalamu hawezi kukosa jibu.

Hili si wazo la pasta peke yake. Miaka ya 1990 watafiti wa uchumi walipeleka vitabu vya kiada kwenye shule za msingi kule Busia na Teso, ambako watoto wengi walikuwa hawana vitabu kabisa. Kila mtu alitarajia alama zipande. Walipopima, waliona vitabu vimewasaidia wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Wale wengine, kwa wastani, havikuwasogeza. Sababu moja ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu, na vilikuwa vimeandikwa kwa kiwango ambacho mtoto wa chini hakifikii. Mmoja wa watafiti hao, Michael Kremer, ambaye akiwa kijana alifundisha Kakamega, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee. Duflo na Kremer pamoja na mwenzao walifanya jaribio lingine huku magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005, katika shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada. Katika baadhi ya shule waligawanya darasa la kwanza kufuata alama, katika nyingine wakachanganya. Hata watoto waliowekwa upande wa alama za chini walifanya vizuri kuliko wenzao waliochanganywa, na maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu sasa aliweza kufundisha pale watoto walipo.

Pale walipo. Shikeni hayo maneno. Unaweza kumnunulia mtoto kitabu, sare na hata simu ya kusomea, na yote yakawa ni samadi uliyoimwaga mita kumi kutoka kwenye shina.

Sasa twende Marko 8. Yesu yuko Bethsaida, na kipofu analetwa kwake. Angalieni vizuri, Biblia inasema watu walimleta, kama vile shosho alivyomleta kijana wetu. Yesu anamshika mkono na kumtoa nje ya kijiji, mbali na macho ya watu. Anamwekea mikono. Halafu anafanya jambo ambalo sikumbuki akilifanya katika uponyaji mwingine wowote: anamuuliza kama anaona chochote. Na yule mtu anajibu ukweli. Anaona watu, lakini wanaonekana kama miti inayotembea.

Fikirieni ujasiri wa jibu hilo! Amewekewa mikono na Yesu mwenyewe. Ingekuwa ni sisi kwenye mkutano wa injili, na kipaza sauti kiko mbele yetu, tungesema "naona kabisa, haleluya!" tuende nyumbani na vipofu vyetu. Huyu alisema bado. Na Yesu hakukasirika, hakumuuliza imani yake iko wapi. Alimgusa mara ya pili, ndipo akaona vizuri.

Kufundisha ni hiyo mara ya pili. Lakini mara ya pili haiwezekani mpaka mwanafunzi aweze kusema bila kuogopa, "Naona miti inayotembea." Na hatasema hivyo mbele ya kijiji. Ndiyo maana Yesu alimtoa nje kwanza.

Nirudi kwa kikao chetu. Tulifikia uamuzi gani? Nilisema hivi: dada ana haki kuhusu kiti. Kiti apewe mtoto mwingine, na alipewa wiki iliyofuata. Lakini kama ni mimi ninayeomba huyu kijana avumiliwe, basi gharama isilipwe na wale watoto kumi na mmoja. Ilipwe na mimi. Nikamchukua Alhamisi jioni, saa moja tu, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, mlango wazi na shosho amekaa nje kwenye benchi akifuma. Tukaweka na mwisho: tutafanya hivi hadi Novemba, halafu tutakaa chini watu watatu, yeye, shosho na mimi, tuangalie.

Naamini hiyo ndiyo kanuni iliyojificha kwenye mfano wa mtini. Anayeomba subira kwa niaba ya mwingine ndiye anayeshika jembe. Ni rahisi sana kumwambia mwalimu wa watoto hamsini "mvumilie mwanangu," kama mimi mwenyewe sijawahi kukaa na huyo mwanangu nusu saa. Ni rahisi kumwambia mama mzazi "usikate tamaa, mama," halafu nipande matatu niende zangu.

Alhamisi tatu za kwanza hatukupata kitu. Nilikuwa ninamuuliza swali moja tu: "Ni wapi ulipotelea?" Anainua mabega. Nilikuwa nimekuja na vitabu vyote vya hesabu, kuanzia gredi ya tatu hadi ya nane, nimevipanga mezani kama ngazi. Alhamisi ya nne akavuta kimoja, akafungua katikati, akaweka kidole. "Hapa, Pasta. Kwa kugawanya. Hapa ndio sikuwa."

Ilikuwa gredi ya nne. Mwaka huo mama yake alikuwa mgonjwa, na muhula mmoja mzima alikaa nyumbani. Aliporudi shuleni darasa lilikuwa limeshavuka. Siku moja alipelekwa ubaoni, akashindwa, darasa likacheka, na mtu mzima aliyekuwa pale akacheka nao. Tangu siku hiyo amekaa miaka minne darasani akisikiliza watu wakiongea juu ya nyumba ambayo yeye hakuwahi kuonyeshwa mlango. Kila mtu alikuwa anamwambia ajitahidi. Hakuna aliyemwambia arudi.

Tukaanza kugawanya. Kijana mwenye ndevu zinazoanza kuota, anagawanya 84 kwa 4. Na hakuna aliyecheka, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi, yeye na Roho Mtakatifu.

Sasa niseme juu ya imani, kwa maana hapa ndipo tunapochanganyikiwa zaidi, hasa sisi watu wa kiroho.

Katika biashara unatabiri mauzo ya miezi mitatu ijayo kwa kuangalia miezi iliyopita. Ukimfanyia hivyo mtoto huyu, utabiri wa kweli ni kwamba ataanguka. Je, basi tukimwambia "naamini wewe utakuwa wa kwanza, wewe ni kichwa wala si mkia," tunasema ukweli ama tunampaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Watoto wanajua alama zao kuliko sisi. Ukimwambia mtoto wa alama 14 kwa 100 kwamba unamwona na A, anajua mojawapo ya mambo mawili: ama humjui, ama unamdanganya. Na yote mawili yanamwacha peke yake.

Lakini imani si utabiri. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Imani, kuaminika, uaminifu na amana ni maneno ya ukoo mmoja. Kuwa na imani na mtoto si kujua matokeo yake kabla hayajatoka. Ni kuwa mwaminifu kwake kabla hayajatoka. Ni kusema jambo kuhusu mimi, si kuhusu mtihani. Alhamisi nitakuwa hapa. Ukikosea tutaanza tena. Sitakuaibisha. Hayo ni maneno ambayo mtoto anaweza kuyapima. Alhamisi itafika, naye ataona kama nimekuja. Imani ya namna hiyo haihitaji uongo hata kidogo, na ndiyo inayofanana na ya Mungu wetu, ambaye alitujua vizuri kabisa na bado akakaa.

Ndiyo sababu nataka niseme jambo kwa upendo. Kila mwaka mitihani ikikaribia tunakuwa na siku ya maombi ya watahiniwa. Watoto wanakuja mbele, tunaombea kalamu zao. Ni siku njema, ninaiamini, na nitakuwa pale na mafuta yangu. Lakini kalamu tunayoiombea Oktoba inafaa iwe imeshikwa mkono na mtu mzima mwezi wa Machi. Tukikiri ushindi juu ya mtoto ambaye mwaka mzima hatukumuuliza ni wapi alipotelea, tunamwomba Mungu abariki shamba ambalo hatukulima.

Mtu atasema, Pasta, hayo ni maneno matamu, lakini yanafanya kazi wapi? Sitawapeleka mbali. Hapo Njoro, kijiji kinachoitwa Pwani, kuna Shule ya Upili ya Kutwa ya Keriko. Wakati mmoja mwalimu wa hesabu na fizikia pale alikuwa Bradha Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko. Ndiyo, ni Mkatoliki, na sisi ni Wapentekoste, lakini kazi njema ni kazi njema. Machi 2019 alitangazwa kule Dubai mshindi wa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Wengi wetu tunakumbuka ile shangwe, na tunakumbuka kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia maskini. Lakini mimi nilivutiwa na jambo ambalo halikutangazwa sana.

Shule ile ilikuwa na kompyuta moja, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Takriban thuluthi moja ya wanafunzi walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja tu. Wengine walitembea kilomita saba, na mvua ikinyesha barabara haipitiki. Tabichi na walimu wenzake wanne wakawa wanawachukua wanafunzi waliokuwa nyuma, mmoja mmoja, nje ya masaa ya darasa na mwisho wa wiki. Na alikuwa anaenda hadi nyumbani kwao kukutana na familia, ajue mtoto huyu anabanwa na nini. Mnaona jembe? Mnaona mtu anachimba kuzunguka shina? Mwaka 2017, wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo ya juu. Mwaka 2018 wakawa 26. Visa vya utovu wa nidhamu vilikuwa 30 kwa wiki, vikashuka hadi vitatu.

Hiyo hesabu ya mwisho ndiyo inayonigusa. Inaniambia kwamba sehemu kubwa ya kile tulichokiita ukaidi haikuwa ukaidi.

Je, hii inamaanisha tusiwe wakali? Tumwache mtoto afanye atakavyo? La. Subira isiyodai kitu ni kukata tamaa kwa adabu. Mtini ulipewa mwaka mmoja, haukupewa milele. Kijana wetu alikuwa anatakiwa kila Alhamisi alete mambo mawili, kalamu na hesabu tano alizofanya mwenyewe, sawa ama makosa. Wiki aliyokuja bila hizo tano, tulizifanya kwanza, na saa ikaisha hapo. Hakufurahi. Sikumbembeleza.

Na hasira je? Someni Kutoka 4. Musa ni mwanafunzi asiyetaka. Anatoa kisingizio, Mungu anajibu. Anatoa kingine, Mungu anajibu. Mwishowe anasema tu atumwe mtu mwingine, na Biblia inasema wazi kwamba hasira ya Bwana iliwaka. Mzazi, ukikasirika hujatenda jambo geni. Lakini angalia Mungu alifanya nini na hiyo hasira. Hakuondoka. Hakuifuta kazi. Aliongeza msaidizi, Haruni, na safari ikaendelea. Hasira ilikuja, ahadi haikuvunjika.

Najua kuna watakaonikumbusha fimbo ya Mithali 13:24. Shuleni sheria ya Kenya imekataza kiboko tangu mwaka 2001, na hiyo peke yake ingetosha kwa mwalimu. Mithali inatudai tumrudi mtoto kwa bidii, na nakubali. Lakini niwaulize wazazi jambo la kawaida. Kiboko kinaweza kumfanya mtoto akae kitini. Je, kinaweza kumwonyesha alipotelea kwenye kugawanya? Kama hakiwezi, basi hata ukikitumia, kazi yenyewe bado inakungoja.

Mtataka kujua Novemba ilitupata wapi. Ninawaambia bila chumvi. Kijana hajawa wa kwanza. Matokeo yake ya muhula si ya kuleta mbele kwa ushuhuda, Jumapili, kwa makofi na vigelegele. Amevuka kugawanya, yuko kwenye sehemu, na zinamsumbua. Lakini kofia ya sweta imeshuka hadi mabegani, na kalamu anakuja nayo. Tulikaa watu watatu kama tulivyokubaliana. Shosho akamuuliza kama anataka kuendelea ama tuache. Akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Tufike gredi ya sita." Mimi kwangu hilo ni tunda dogo, bichi. Dada yetu alisema huenda ni jani tu. Tutaona.

Na hapa Biblia ina uaminifu wa ajabu. Luka hatuambii kama mtini ulizaa. Mfano unakatika mtunza shamba akiwa bado anaomba. Hatujui mwaka uliofuata ulikuwaje. Yesu alituachia mti na jembe, basi. Nadhani ni kwa sababu alijua tungepima uaminifu wa mtunza shamba kwa idadi ya tini, na hakutaka tupime hivyo. Matunda yana mwenyewe. Jembe ndilo letu.

Kwa hivyo mzazi unayeuliza hadi lini, jibu langu ni hili. Usihesabu miaka uliyongoja, hesabu siku ulizochimba. Kama hujachimba, mwaka wako wa subira bado haujaanza.

Wiki hii tufanye mambo matatu. La kwanza, keti na mtoto wako dakika ishirini, mbali na ndugu zake, simu imezimwa, umuulize ni wapi alipotelea. Usimjibu. Akinyamaza, urudi kesho umuulize tena. La pili, mwambie ahadi moja ambayo ni yako, si ya mtihani, na uitimize. La tatu ni kwa washirika wote: watoto kumi waliobaki kwenye orodha ya Jumamosi bado wanangoja viti. Tuna walimu waliostaafu humu ndani, tuna wanafunzi wa chuo, tuna mafundi wanaojua vipimo kuliko vitabu. Saa moja kwa wiki inatosha. Muone dada anayesimamia darasa baada ya ibada, na mje na moyo wa kuanzia chini.

Kwa vikundi vya nyumbani, jadilini haya: Ni nani aliyekuchimbia wewe wakati huna tunda? Na ni nani unayemwombea subira huku jembe ukiwa umempa mtu mwingine?

Mungu awabariki, na awape mikono isiyochoka.